Siku Niliyomwosha Mdoli wa Mama Mkwe

Aibu ninazo nyingi, sijifanyi msafi, lakini hii ni ile ambayo ikinijia ghafla niko jikoni nasimama na mwiko mkononi, nafumba macho, nasema kwa sauti, "Mjinga wewe!" mpaka mume wangu anauliza kutoka sebuleni namwambia nani. Simwambii mtu, baba Joshua. Najiambia mwenyewe, na kama ningekuwa na mkono wa ziada ningejizaba na kofi.

Mimi nauza vitu vya watoto vya mtumba pale Singida Mjini, mabegi, viatu, baiskeli za kujifunzia, na midoli. Sasa ukishika midoli kila siku unajiona umeijua, na mimi nikaanza kutazama video za Wamarekani wanaokusanya midoli ya kale, ile ya mwanzoni mwa karne iliyopita ambayo bibi zao walichezea (watu wazima kabisa, wana mvi, wanatokwa na machozi kwa sababu ya mdoli, na mimi nawacheka mpaka nashika mbavu). Humo nikaokota elimu yangu. Kwamba mdoli wa Kijerumani wa zama hizo kichwa chake ni cha kaure, ukikigonga kwa ukucha kinalia kama kikombe, na shavu lake ni la baridi. Kwamba wa Kimarekani mara nyingi kichwa chake ni unga wa mbao uliokandwa na gundi, ukakaushwa na kupakwa rangi, ukigonga unasikia sauti butu kama ya ubao, na uso una nyufa nyembamba kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Na kwamba alama ya kiwanda hukaa kisogoni. Basi. Video zilikuwa na sehemu nyingine ya jinsi ya kusafisha, lakini bando lilikuwa linaisha hapohapo, na mimi nikaona aah, kusafisha mdoli nani asiyejua?

Mama mkwe wangu anakaa Ilongero, na ana mdoli. Mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa yaya kwenye nyumba ya wamishenari, na walipokuwa wanarudi kwao mtoto wao akamwachia mdoli huo. Mama mkwe amekua nao. Anauita Meri, anamtaja kama mtu, "Meri amelala," "Meri hapendi jua," na kila nilipokwenda kumwamkia nilikuwa nauona juu ya kabati umefunikwa kanga mpaka shingoni, kisogo cheusi kwa moshi wa miaka yote ile. Sikuwahi kuugusa. Zaidi yake hakuna aliyethubutu kuugusa, hata wanawe.

Sasa usharika wao ukaandaa jubilei, na kamati ikaomba kila ukoo ulete kitu cha kale cha kuonyesha kwa mgeni rasmi. Wifi yangu Elipendo, ambaye anakaa Dodoma na anakuja nyumbani kutuelekeza namna ya kuishi, akatuma picha ya Meri kwenye grupu la ukoo na maneno haya: "Mdoli wa Mjerumani, kaure halisi." Nyie mnajua watu wetu. Kitu kikiwa kizee ni cha Mjerumani. Daraja ni la Mjerumani, mwembe ni wa Mjerumani, shimo la kawaida alilochimba fisi mtu anakwambia Mjerumani alificha mali humo, na ana mjomba aliyeota kuhusu hilo shimo. Ningenyamaza ningepungukiwa nini? Lakini nikarekodi sauti ndefu, nikamsahihisha wifi mbele ya ukoo mzima, nyufa zinazoonekana kwenye picha yake mwenyewe, gundi, unga wa mbao, nikamalizia kwa kusema kwamba mtu asiyejua kitu ni heri aulize. Nilijisikia vizuri sana. Nikajisikiliza mara mbili.

Katibu wa kamati ni shemeji yangu. Alipoisikia ile sauti akaniweka kwenye ratiba: mama Joshua, mtaalamu wa midoli ya kale. Mtaalamu! Mwanamke niliyekuwa nashindwa kukumbuka neno la siri la simu yangu mwenyewe. Ungedhani nitakataa. Nikashona gauni.

Siku yenyewe uwanja wa kanisa umejaa, turubai zimefungwa, kwaya imeimba mpaka imechoka, na kwenye meza ndefu kuna vibuyu, vigoda, jembe la mkono lililolika likabaki kama kijiko, na Meri katikati, ameegemezwa kwenye Biblia ya zamani. Mbele yake wifi ameshaweka kikaratasi: MDOLI WA KIJERUMANI. Nikamwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mwanangu," akanishika mkono na kuniambia kwa upole, "Ukimshika, mshike taratibu." Nikasema, "Usijali mama, hii ndiyo kazi yangu." (Naomba muikumbuke hiyo sentensi mkitaka kunichapa.)

Mshereheshaji akanipa maiki. Nilianza vizuri, sitaki kujinyima hata hilo. Niligonga kichwa kwa ukucha karibu na maiki, watu wakasikia kile kisauti butu, wakasema "eeeh!" Nikawaonyesha nyufa shavuni. Nikawaambia huyu ni Mmarekani. Mgeni rasmi, ambaye mpaka hapo alikuwa anasinzia kwa heshima, akafungua macho. Wifi akapaza sauti kutoka kiti cha mbele:

"Tuonyeshe alama basi, wifi! Maneno matupu kila mtu anayo."

Alama ilikuwa chini ya masizi. Ningeweza kusema haionekani, nikashukuru, nikaketi, nikala pilau. Badala yake nikawaita akina mama wa jikoni waniletee kitambaa, na mmoja wao, Mungu ambariki kwa haraka yake, akaleta beseni zima la maji ya moto yenye sabuni ya kuoshea masufuria.

Nikalowesha kitambaa, nikafuta kisogo. Masizi yakatoka, na kweli, herufi hiyo. Nikasoma kwenye maiki, "U!" Watu wakanyoosha shingo. Nikafuta tena. "S!" Makofi. Nikamtazama wifi kwa jicho ambalo nilikuwa nimelitunza tangu harusi yangu. Na yeye akasimama, hana hata chembe ya haya, akasema:

"Si Usambara hiyo! Wajerumani si ndiko walikokuwa? Usambara!"

Na uwanja ukampigia makofi. Naapa. Watu wazima, walimu wamo humo, wazee wa kanisa wamo, wanapiga makofi kwamba kuna kiwanda cha midoli Usambara. Mzee mmoja akaongeza kwamba babu yake alikwenda huko kwa miguu. Nikachovya kitambaa nikafuta kwa nguvu, ikatoka herufi nyingine, nikapiga kelele, "A! U-S-A! Marekani!" Wifi akajibu bila hata kuvuta pumzi:

"U-sa-mbara. Endelea kusoma, wifi, bado hujamaliza."

Hapo ndipo akili iliponiaga. Mwenye akili angejua huwezi kumshinda mtu anayebishana na alfabeti. Mimi nikaamua kuwathibitishia kwamba baada ya A hakuna kitu, na ili uonyeshe hakuna kitu inabidi usafishe kisogo chote, kwa hiyo nikamlaza Meri kwenye beseni, uso chini, nikaanza kumsugua kama sufuria lililounguza wali. Huku naongea kwenye maiki aliyonishikia mshereheshaji. Nasema, "Mnaona, ndugu zangu, utaalamu unataka subira." Nasema, "Vitu hivi si kila mtu anaviweza." Maji yakawa ya waridi. Nikadhani ni masizi (masizi ya waridi, jamani!). Halafu kidole gumba kikazama.

Kilizama polepole, kama kwenye ugali ambao haujaiva. Nikakitoa, kikatoka na Usambara yote. Nikamgeuza Meri haraka nione usoni, na usoni hapakuwa na mtu. Pua imekwenda, mdomo umeteremka mpaka kidevuni, jicho moja lililochorwa limenata kwenye kiganja changu linanitazama, na ule unga wa mbao unachuruzika kwenye gauni jipya, unanuka gundi ya kwato.

Mshereheshaji, mpumbavu kuliko wapumbavu wote niliowahi kukutana nao, akachungulia na kusema kwa furaha kwenye maiki, "Na sasa tunaona... tunaona nini, mtaalamu?"

Nikajibu, na spika zikapeleka jibu langu mpaka barabarani, "Tunaona kwamba si kaure."

Kuna waliocheka. Sikuwalaumu, nilikuwa nawadharau bado, lakini sikuwalaumu. Wifi hakucheka, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mama mkwe akainuka kwenye kiti chake cha heshima, akaja polepole mpaka mezani, akautoa mdoli mikononi mwangu bila kunipokonya, akaufunga kwenye kanga aliyokuwa amejitanda begani, uso ndani, kama anavyofungwa mtoto asione jua. Maiki ilikuwa bado iko wazi. Akasema:

"Sasa tumejua ni Mmarekani. Na wewe pia tumekujua."

Pilau sikula. Nilipanda bodaboda na gauni lile lenye unga wa mbao, nikafika mjini umenikaukia mwilini, na usiku ule nikanunua bando, nikaitazama ile sehemu ya usafi mpaka mwisho. Mzee mwenye mvi anasema, taratibu kabisa, kama anaongea na mimi: mdoli wa namna hii ni gundi ya maji, usiupeleke karibu na maji, hata jasho la mkono ni adui. Safari hii hakuna aliyecheka kati yetu.

Baada ya wiki chache mume wangu alinipeleka kuomba msamaha. Nilipiga magoti, nikasema yote, sikumtaja wifi hata mara moja (niliuma ulimi). Mama mkwe alinisikiliza akichambua choroko. Nikamwambia mjini kuna fundi wa vinyago, anaweza kumchonga uso mwingine. Akatikisa kichwa.

"Uso mwingine wa nani?" akauliza. "Mama yangu alikuwa anamshika mashavu hivi, kila jioni, anamwambia lala. Mimi nilikuwa nikimtazama naona vidole vya mama." Akarudi kwenye choroko zake. "Kula basi. Usikae na njaa kwa sababu ya haya."

Nilikula. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, matusi ningeyajibu moyoni, nina hazina ya majibu. Badala yake nikasogea karibu naye, nikaanza kumsaidia kuchambua choroko.

Kwa hiyo nimeacha kujua vitu. Mteja akija dukani na kitu cha zamani akaniuliza hiki cha wapi, cha lini, nakishika taratibu kwa mikono mikavu, nakitazama, namwuliza kwanza ni cha nani, na nani alikipenda. Akishaniambia namrudishia. Wakitaka kujua ni cha Mjerumani au cha Mmarekani, waende wakamwulize wifi.