Vijumba vya Krismasi vya kadibodi kutoka Japan: msizibe tundu la nyuma!

Wakuu, nawasalimu kutoka Durban. Ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono yangu, na glitter bado iko kwenye kucha.

Mama Neema ni Mkongo, jirani yangu hapa Berea, ana saluni mjini. Mteja wake mmoja, bibi wa Sydenham, alikuwa anahama nyumba akampa boksi la mapambo ya zamani. Ndani kulikuwa na vijumba vya kadibodi vya kukaa kiganjani, na kanisa dogo.

Akaniita, maana anajua nina ugonjwa wa vitu vya kale.

Nikamkuta saluni na spray ya silver mkononi. Saluni ya ng'ambo ya barabara wameweka mti mkubwa unaowaka, na wapita njia wote wanasimama kule. Yeye alitaka vitrine yake, lile dirisha la kioo la mbele, ing'ae kuliko ule mti.

"Mama, subiri kwanza!"

"Nisubiri nini? Angalia, panya ilikula zote ku mugongo." Vingine alishaviziba kwa karatasi na gundi.

"Panya gani anakula kila nyumba palepale, tena tundu la duara?"

"Panya ya Durban, ndugu. Ilisoma."

Saluni nzima kicheko.

Sasa wakuu, twende taratibu, hakuna aliyezaliwa anajua haya.

Geuza kijumba, tazama chini. Hivi vina muhuri mdogo: Japan. Ukikuta Made in Occupied Japan, shangilia! Hiyo ni miaka michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipoikalia nchi ile.

Japan peke yake haitoshi, waliigonga kabla ya vita na baada. Hapo soma mwili wa nyumba. Vya kabla ya vita mara nyingi kadibodi ni nzito na ukuta unakwaruza kama mchanga. Vya baadaye ni vyepesi, na theluji yake ni glitter tele.

Na vile vimiti vilivyobandikwa uani mwa kila kijumba? Dodoki! Dodoki lile la kuogea, limetiwa rangi ya kijani. Nilipolitambua nilipiga kelele, dada mmoja akachomoa kichwa kwenye dryer.

Kwa makadirio yangu, kanisa ni la kabla ya vita, vingine vya baada. Nikikosea mnirekebishe.

Tundu sasa. Ni la taa! Unaingiza balbu ndogo kwa nyuma, mwanga unatokea kwenye madirisha ya selofeni nyekundu, ile karatasi angavu. Ile spray ingeyaziba yote.

Mama Neema akaiweka chini. Akachukua kitana chake cha mkia, akaanza kuzibua alivyoviziba, polepole, kama anayetenganisha nywele za mtoto kabla ya kumsuka.

Tukatumia taa za LED, kwa sababu balbu za zamani zinapata moto na hii ni karatasi. Tukazima taa za saluni.

Madirisha yakawaka mekundu.

"Maman," akasema yule dada wa dryer, "kanisa iko na watu ndani!"

Nje, mafundi wa ile saluni ya mti walikuwa wamevuka barabara, pua kwenye kioo.

Mama Neema akawatazama, akanigeukia. "Kumbe panya ilikuwa electrician."

Wakuu, kabla hujatengeneza kitu cha kale, kiulize kwanza kwa nini kiko hivyo. Mwenye kijumba cha aina hii aweke picha ya chini na ya mgongoni, tukisome pamoja. Hata kama unadhani ni panya.