Mstari Mfupi

Juzi nilikuta wanafunzi wa chuo wakipaka rangi ukumbi wa Shauri Moyo, na harufu ile ikanirudisha kwa mama.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, pia walikuja wanafunzi, wasichana wenye afro. Walipaka kuta pamoja na akina mama wa chama, kisha wakawauliza kiongozi wao ni nani. Hawakuwa naye. Basi akina mama wakaamua kumchagua palepale: kila mtu asimame nyuma ya mama anayemtaka.

Mimi nilikuwa nikicheza nje. Nilipochungulia nikaona mistari miwili, mama yangu mbele ya mmoja. Kwetu, akina mama wakipanga mstari, ujue maji yamerudi. Nikakimbilia debe nyumbani, nikarudi nalo likigongagonga.

"Mama, mstari wetu ni mfupi! Tutateka haraka!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mama naye akacheka.

"Njoo, Nduku. Simama nyuma yangu."

Nikaegemeza uso kwenye leso aliyojifunga, iliyonukia sabuni na rangi mbichi.

Sasa najua kwamba alikuwa ameshindwa. Lakini hadi leo, kwenye foleni yoyote, mimi huingia ile fupi, kisha nachungulia mbele, labda mama yupo.