Mizani ya Jumatatu

Kila Jumapili jioni nilianza kunywa maji. Nilikunywa kikombe baada ya kikombe hadi tumbo likauma. Jumatatu alfajiri nikanywa mengine, kisha nikatembea polepole kwenda kazini nikiomba mkojo univumilie mpaka saa moja. Saa moja kamili ndipo wafanyakazi tulipopimwa uzito, na mimi nilikuwa naogopa mizani ile kuliko nilivyowahi kuogopa fimbo ya mwalimu.

Nilikuwa mkandaji wa masaji mjini Kitui, miaka ya tisini. Klabu yetu ya mazoezi na afya ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Jina la klabu halikuwa letu. Tajiri alilinunua kwa kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa na matawi kwingine, na pamoja na jina akapewa rangi ya kuta, fulana za kijani, na kitabu kinene cha masharti kilichoeleza hata namna ya kukunja taulo. Sheria ya mizani ilitoka humo. Kila mfanyakazi apimwe kila Jumatatu, ili wateja waone afya kwa watu wanaowahudumia. Waliokiandika kitabu waliogopa tusije tukanenepa. Hawakutujua.

Meneja, mama mmoja mnene ambaye hakupimwa na mtu, ndiye aliyeshika daftari la kilo. Yeye aliigeuza sheria ikatazama upande wa pili. Alitangaza kwamba msichana wa masaji akishuka chini ya hamsini na mbili, aende nyumbani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Miaka ile ya ugonjwa usiotajwa jina, mtu akikonda hakuulizwa amekula nini. Watu walimtazama shingo na vifundo vya mikono, wakanyamaza, halafu wakahamia benchi lingine.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kukondesha. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka saa moja jioni. Kukaa kitako mbele ya mteja ilikuwa kosa. Kula ndani ya fulana ya kijani ilikuwa kosa pia, kwa sababu harufu ya chakula ingewatamanisha watu waliolipa ili wapungue, kwa hiyo tulipewa chai ya saa nne na basi. Mtambo wa umeme wa chumba cha mvuke ulikuwa umeungua, tajiri akaamua mvuke utoke kwenye pipa lililochemshwa kwa kuni uani, na sisi ndio tuliochochea moto huo kwa zamu. Nikitoka motoni naingia chumba cha masaji, nakanda migongo minane au tisa kwa siku, mingine mipana kama meza. Mteja akipungua kilo mbili tulimpigia makofi. Mimi nilipungua tano bila kulipa chochote, na hakuna aliyenipigia.

Leo najua nilikuwa na nini. Nilikuwa na njaa na joto, si zaidi. Wakati ule sikuwa na uhakika hata kidogo, na kila nilipojiangalia kwenye vioo vile virefu vya ukumbi wa mazoezi, nilijitazama shingo kwanza. Kwetu kijijini, Kwa Vonza, mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na mama yangu na binti yangu mdogo walikula kwa mshahara wangu. Nikifukuzwa mimi, chungu chao kingekaa bila moto.

Jumatatu moja, pamoja na maji yote niliyokunywa, mizani ilisoma hamsini na mbili na nusu. Meneja akajikuna shingo kwa kalamu.

"Wewe, hii kukonda yako inaenda wapi?" akaniuliza mbele ya wenzangu. "Next week nikiona fifty-one hapa, mimi sitauliza maswali. Wateja wanaogopa."

"Ni moto wa pipa, madam."

"Kwani wenzako hawawashi huo moto?"

Wiki hiyo sikulala vizuri. Jumamosi mchana nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani kwa nia moja tu, kula. Mama aliponiona mlangoni hakunisalimia. Alinishika kifundo cha mkono, akakizungusha kati ya vidole vyake hadi vikakutana, akaenda kumkamata kuku.

Nilikula kuku yule karibu peke yangu. Nikala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, sahani mbili, nikanywa maziwa ya mbuzi. Mama alikaa mbele yangu akinitazama kila tonge. Nilijaribu kumweleza kazi yetu, kwamba watu wanalipa wakae kwenye mvuke watoke jasho. Alicheka hadi akafuta machozi. Kisha nikaona uso wake umebadilika.

"Mwana wakwa, mimi nimelima miaka arobaini kwa jua," akasema. "Sijawahi konda hivi. Wewe umeshika migongo ya watu ndani ya nyumba, sasa unaisha. Kuna kitu unanificha."

"Mwaitu, mama yangu, sina kitu."

"Haya." Aliitikia, lakini hakuniamini.

Asubuhi tulikwenda kanisani. Ilikuwa Jumapili ya wageni, na akina mama wa ushirika kutoka mjini walikuja kutusaidia kuchangia bati za paa. Walikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Nilipomwona mmoja wao nilijikunja nyuma ya mama. Alikuwa mteja wangu wa kila Alhamisi, mke wa mwenye magari ya mchanga, mwanamke mpole aliyeniletea ndizi mara kwa mara akinihimiza nizile kwa siri. Nilipenda kumkanda. Aliwaambia marafiki zake kwamba mikono yangu imebarikiwa, wakaja wote.

Katika kanisa letu, kabla ya mahubiri, mwenye haja husimama akaitaja ili aombewe. Mzee mmoja alitaja goti. Mwingine akataja mwana aliyepotelea Mombasa. Halafu nikahisi benchi linapungua uzito kando yangu. Mama alikuwa amesimama.

Nilimvuta sketi. Hakugeuka.

"Wapendwa, niko na mzigo," akasema. "Huyu msichana wangu anaisha. Amekuja jana nikashika mkono, ni mfupa. Ananificha. Naomba mumkumbuke, Ngai amponye hiyo ugonjwa yenye amebeba."

Alilia, na kanisa lote likaguna kwa huruma. Nilitamani sakafu ifunguke. Nilitaka kusimama niseme si kweli, lakini ukikataa kuombewa mbele ya watu ndipo wanapojua kabisa. Mchungaji aliniita mbele nikapiga magoti. Akina mama wakaja kunizunguka waniwekee mikono, na wale wageni pia. Mikono ilinijaa kichwani na mabegani. Nilifungua jicho kidogo nikaiona bangili ya mteja wangu, bangili niliyozoea kumvua kila Alhamisi kabla sijampaka mafuta. Mkono wake ulikuwa juu ya bega langu, umeinuliwa kiasi cha kiganja kimoja. Aliomba kwa bidii mpaka mwisho, na haukunigusa.

Jumatatu nilipanda mizani. Ikasoma hamsini na nne. Meneja aliinama akasoma tena, akaandika, akanipiga kofi la furaha mgongoni. "Kumbe unaweza!" Siku nzima nilijisikia mwepesi, nikachochea moto nikiimba.

Alhamisi mteja wangu alikuja saa yake ileile. Nilikuwa nimetandika shuka safi na kupasha mafuta. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Leo nitangoja yule mwenzako," akasema kwa upole. "Lakini tunakuombea, sawa mama? Usichoke."

Marafiki zake nao wakamngoja mwenzangu. Wiki iliyofuata kitanda changu kilikaa bila mtu siku nne, na shuka nililotandika Jumatatu lilikuwa halina hata mkunjo. Ijumaa meneja aliniita ofisini. Alikuwa amesikia yote.

"Madam, mizani imesema fifty-four," nikamwambia. "Hata Jumatatu hii imeongeza."

"Mizani si customer," akajibu, bila ukali. Akaniambia nirudishe fulana mbili za kijani, na nikizirudisha ziwe zimechemshwa.

Nilizichemsha kwenye pipa lilelile la mvuke, nikazianika, nikazikunja kama kitabu kilivyoagiza. Kesho yake nikaenda Kwa Vonza na begi langu lote. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa na hasira naye, na nilikusudia aisikie.

Alinikuta langoni, akanishika kifundo cha mkono, akakizungusha. Vidole vyake havikukutana. Akapiga kigelegele hadi jirani akatoka, akamwita aje aone mkono wa mtoto aliyeombewa. Binti yangu naye akaja mbio akajining'iniza shingoni mwangu. Jioni, akinipakulia chakula, mama alinitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu mvua zikatae.

"Sasa umepona," akasema. "Unarudi kazini lini?"

Nikamwambia wamenipa siku kadhaa za kupumzika, naye akaniongezea muthokoi.