Jumanne ya Gari la Viazi

Nilikuwa mtu wa kwanza katika ofisi ile ya Njombe kuitwa mchumi wa afya, na hakuna aliyejua anikalishe wapi. Walinipa meza kando ya stoo ya vyandarua. Mama yangu, anayeishi Lyamkena, alishawatangazia majirani kwamba mwanawe amekuwa daktari. Nilipomweleza kwamba sichomi sindano wala siandiki dawa, bali naangalia huduma inamgharimu nini mtu anayeifuata, alisema, "Basi usiwaambie. Waache hivyohivyo."

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilitoka kwenye zahanati moja ya kijijini, mbali kidogo na Makambako. Wagonjwa wa shinikizo la damu walikuwa wanaandikishwa, wanapewa dawa za wiki mbili, halafu hawarudi. Dawa zilikuwepo. Muuguzi alikuwepo, tena mpole. Kikaoni kila mtu alisema shida ni elimu, watu wahamasishwe. Mganga mmoja wa makamo, niliyemheshimu sana, akanigeukia.

"Mchumi, sisi tunahesabu vidonge. Wewe unahesabu nini?"

Watu wakacheka. Nikaomba wiki moja nikakae kijijini.

Muuguzi alinielekeza kwa mama mmoja wa miaka sitini na kitu, aliyekosa kliniki mara tatu mfululizo. Nilimkuta shambani asubuhi ya ukungu, amevaa sweta mbili, anachimba viazi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umetumwa kunigombeza?"

Nilishika jembe nikachimba naye. Tulipofika mwisho wa tuta nikamuuliza kama anaujua ugonjwa wake.

"Naujua sana. Dada yangu ulimpoozesha upande mzima. Unadhani mimi napenda kufa?"

"Sasa mbona huendi kuchukua dawa?"

Alinyooka, akajishika kiuno. "Kliniki ni lini?"

"Jumanne."

"Na gari la wanunuzi wa viazi linaingia lini hapa?"

Lilikuja mara moja tu kwa wiki, Jumanne asubuhi. Usipokuwepo kupakia, viazi vyako vinakungoja wiki nzima, na vikipigwa jua vinageuka kijani, hakuna anayevitaka. Nilikwenda nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Jumanne, Jumanne, Jumanne! Moyo ulinidunda kama wa mtu aliyeokota kitu njiani. Nilirudi zahanati karibu nikikimbia, nikamuuliza muuguzi nani alipanga siku ile.

"Mimi niliikuta," alisema. "Hata aliyenitangulia aliikuta."

Kikao kilichofuata nilisimama kabla sijaitwa. Nikamwambia yule mganga kwamba nahesabu siku za watu, na kwamba dawa tunayoita ya bure ilikuwa inamtaka mkulima atoe jasho la msimu mzima. Safari hii hakuna aliyecheka. Mganga aliuliza tukihamishia Alhamisi tutatumia nini.

"Karatasi moja ya kubandika mlangoni, na mtu wa kutangaza kanisani."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kikubwa cha kupiga meza, akakubali.

Alhamisi ya kwanza nilikuwa Makambako, bado nakunywa chai, simu ikaita. Muuguzi alikuwa anapiga kelele: "Dada, uko wapi? Njoo uone! Mabenchi hayatoshi!"

Niliacha chai. Njia nzima nilimhimiza dereva wa bodaboda mpaka akaniuliza kama nina mgonjwa. "Ninao wengi!" nikamjibu. Nilikuta watu wamekaa mpaka kwenye nyasi, wengine na mabuti ya shamba yenye tope. Nilibeba viti, nikagawa maji, nikaita majina kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Si wote waliokuja, na wale waliokosa nilianza kuwafuata majumbani kesho yake. Lakini siku ile sikuweza kukaa chini.

Yule mama alikuwepo. Kipimo chake kilikuwa juu bado. Muuguzi alikunja uso, akamwanzishia dawa upya. Mama alipotoka alinishika mkono wa koti.

"Mwanangu, hizi dawa za wiki mbilimbili. Ninyi mna sababu gani msitupe za mwezi mzima?"

Nikamvutia kiti, nikafungua daftari.

"Kaa hapa, mama. Niambie vizuri."