Kibaraza cha Mama Somoe

Kazi yangu ni kupamba na kupanga vitu ndani ya nyumba za watu. Shule niliishia darasa la pili, lakini hapa Mbinga hakuna anayenizidi, na anayebisha aje. Sinunui kitu kabla sijaangalia kilichotupwa nyuma ya nyumba. Wala sipangi kabla sijakaa kutwa nzima kumtazama mwenye nyumba anavyoishi.

Mwaka tisini na tano, biashara ilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa, kijana mmoja wa hapa, Masoudi, naye akanunua, akajenga nyumba kubwa. Ramani aliitoa Dar es Salaam, ya watu wa joto: madirisha mapana, sakafu ya vigae. Akamleta mama yake, Mama Somoe, kutoka Mbamba Bay, kule kwenye joto la Ziwa Nyasa. Ikaingia Juni. Baridi ya huku mnaijua. Mama akahamia jikoni, kutwa yuko kwenye moshi, amekalia ndoo.

Masoudi akanifuata. "Shikamoo, Mama Othmar. Mama anasema Ijumaa anarudi ziwani. Kule anaishi peke yake nyumbani, na miguu ile! Nisaidie."

Nikaenda, nikakaa kutwa. Sebuleni makochi bado yamo kwenye nailoni, hakuna aliyeyakalia. Nikagusa ukuta unaotenganisha sebule na jiko. Una joto zuri! Hapo hapo nikajua la kufanya.

Nikaokota matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, nikajenga kibaraza cha kukalia, kimeegemea ukuta ule. Mto nikaushona kwa magunia ya kahawa yaliyochakaa, ndani nikajaza maganda makavu ya mahindi.

Alhamisi asubuhi Mama Somoe akaketi. Akafumba macho kwa raha. Alipotaka kuinuka, akashindwa. Tukamvuta watu wawili.

"Umenijengea mtego," akasema.

"Mama, kiko sawasawa. Nimekipima mwenyewe."

"Kwa goti la nani?"

Nilipima kwa goti langu. Sisi wanawake wa Kimatengo tumezoea kukaa chini tangu utoto, nami ni mfupi. Yeye ni mrefu na magoti yamemgomea. Lakini nilibisha mpaka chai ikapoa. Mwisho nikachuna kamba ya mgomba, nikampima yeye, nikaongeza mistari miwili ya matofali. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila kamba.

Ijumaa lori la kwenda Mbamba Bay likapiga honi nje. Masoudi akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama. Mama Somoe akaegemeza mkono mmoja tu, huyoo, amesimama! Akaenda dirishani.

"Nendeni salama! Mwambieni mdogo wangu alete mikeka, sebule hii iko uchi!"

Akarudi, akaketi, akajinyoosha. Masoudi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Toka kwenye vigae wewe," mama yake akamwambia, "utashikwa na baridi. Njoo hapa, nafasi ipo."