Stashahada Yangu na Penalti ya Iguguno

Niliondoka Singida mjini Jumamosi kwa sababu shangazi alinipigia simu. Binti yake Rehema, golikipa wa timu ya wanawake ya Iguguno, alikuwa ametakiwa na klabu moja ya Dodoma atume picha akiokoa mpira, na mwisho ulikuwa jioni ile ile. Nani mwingine angeitwa? Mimi ndiye mwenye stashahada ya upigaji picha, niliyoisomea Nairobi huku nikiosha magari, bila kuchangiwa hata nauli.

Saa tatu asubuhi, ndani ya basi, nilimweleza mnunuzi wa alizeti niliyekaa naye kwamba wanaojifunza huiachia kamera ipime mwanga. "Wasomi tunapanga kila kitu kwa mkono."

"Hongera," akasema, akafumba macho.

Kufika Iguguno, nikakuta shangazi ameshatangaza elimu yangu hadi nimefanywa mgeni rasmi wa mechi. Sikukataa.

Saa tisa alasiri, uwanjani, Mama Suzi, mwenye studio ya picha za pasipoti, alikuwa amekaa juu ya ndoo nyuma ya goli. Kamera yake aliiweka kwenye kipaumbele cha kasi.

"Shikamoo mama. Kumbe kazi unaiachia kamera?"

"Marahaba, baba. Mimi nachagua kasi tu, mtu asitoke kama moshi. Mwanga iutafute yenyewe, si ndiyo kazi yake?"

Nikacheka kwa adabu. Nikapanga yangu kwa mkono, kwa jua lile kali, na picha za majaribio zikatoka safi kabisa.

Kipindi cha pili wingu zito likatanda. Ningebadilisha mipangilio, lakini mgeni rasmi husalimiwa, na wazee walikuwa wamepanga foleni mezani pangu. Mmoja aliuliza habari za baba, za ng'ombe na za mvua, na zote nilipaswa kuzijibu. Ghafla ikapigwa filimbi: penalti! Nikainua kamera, nikabonyeza mfululizo. Rehema akaruka kushoto, akaupangua mpira.

Mechi ilipoisha akaja mbio, glavu bado mkononi. "Kaka, nionyeshe."

Nikamwonyesha. Giza tupu.

"Huyu ni mimi au gunia?"

"Itang'arishwa kwenye kompyuta."

"Iko wapi?"

"Singida."

Machozi yakamlengalenga. Mama Suzi akasogea na kamera yake. Rehema alikuwa hewani, vidole vimegusa mpira, uso unaonekana wote.

"Ina chembechembe, kama imenyunyiziwa mchanga," nikasema.

"Ina chembechembe," akakubali, "na ina Rehema."

Shangazi aliihamishia kwenye simu yake na kuituma kabla sijamaliza kueleza chembechembe husababishwa na nini.

Jumapili nikarudi mjini. Nimejifunza kwamba mwanga haumsubiri mtu amalize salamu. Sasa kwenye michezo nachagua kasi, sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mengine naiachia kamera. Wateja nawaambia ni mbinu ya hali ya juu.

Jana Rehema alipiga simu. "Kaka, nimeitwa majaribio Dodoma! Mama Suzi anakuja kupiga picha. Na wewe uje."

"Nije na kamera?"

"Njoo na ile lenzi yako ndefu. Anaomba umwazime."

Nimeshaifuta vumbi.