Walicheza Sita

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ng'ombe walipogeuzwa wasinywe maji kwa sababu yangu. Walikuwa ng'ombe wa shemeji yangu Safari, mdogo wake mume wangu, na walikuwa wameshateremka hadi kwenye matope ya ukingo wa Ziwa Tlawi, wengine wameshainamisha vichwa. Safari aliponiona nashuka na taulo begani hakunitukana. Alinisalimia kwa mbali, "Shikamoo, shemeji," kwa adabu yake yote, kisha akapiga mluzi na kuwapandisha ng'ombe kilimani na kiu yao. Nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Ninyi wasichana wa klabu mkija kwangu mnaniuliza habari za makombe. Mnataka kujua tuliwashindaje wale wa mjini, nani alifunga, nani alilia. Mimi nitawaambia habari ya mechi ambayo sikuicheza. Lakini nisikimbie. Ndiyo tabia yangu tangu ujana, miguu hutangulia akili, na hata sasa mnaniona, siwezi kusimulia bila kuinuka mara mbili kuangalia chungu jikoni. Nivumilieni.

Mpira huu wa majini uliletwa kwetu na Mwalimu Mwanaidi, mwanamke wa Tanga aliyepangiwa kufundisha shule ya msingi huku Mbulu. Alikuja na baibui lake na sweta mbili, maana alikuwa ameambiwa baridi ya huku haina masihara. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipoliona ziwa letu aliuliza kwa nini hakuna mwanamke anayejua kuogelea, na sisi tukamjibu kwamba hakuna aliyewahi kutuuliza. Akatufundisha. Kwanza kuelea, halafu kwenda, halafu mpira: watu saba kila upande, wote majini, miguu isiguse chini, mpira ushikwe kwa mkono mmoja na kurushwa golini. Magoli yetu yalikuwa miti iliyofungwa kwenye madumu matupu, na nyavu tulipewa na wavuvi zilipochakaa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu anauza kitu. Mimi nilikuwa nauza vitunguu saumu kutoka Bashay. Mnadani kulikuwa na marobota ya mitumba yakifunguliwa, na humo siku moja tukakuta nguo za kuogelea za Wazungu. Muuzaji hakujua ni nguo za nini, alikuwa amezitundika kama mapambo. Tulizivaa juu ya kaptula ili wakwe zetu wasipate presha. Wanaume walisimama ukingoni wakatucheka, wakatuita mabata. Tukalichukua jina lao, tukajiita Mabata, basi wakakosa la kusema.

Mimi ndiye niliyekuwa mrushaji wao. Nilikuwa na mkono, mwanangu, sikufichi. Nilikuwa pia mtu asiyekaa: alfajiri shambani, mchana mnadani, jioni ziwani, na usingizini nilikuwa napiga mateke mpaka mume wangu Boay akawa analala ukutani.

Ndipo mkoa wa Manyara ukamegwa kutoka Arusha. Jana tulikuwa watu wa Arusha, leo tumekuwa wageni wao. Wasichana wa Arusha mjini, waliokuwa wakichezea kwenye bwawa la vigae, wakatualika, na sisi Mabata tukawa timu ya kwanza kubeba jina la mkoa mpya kwenye maji. Kila mmoja wetu alijiona kama amepewa bendera. Ila mimi nilikuwa mjamzito, tumbo limeshaonekana, nikajua safari hiyo si yangu. Niliridhika. Nilikuwa nimeanza hata kushona vikofia.

Mtoto akatoka kabla ya wakati wake. Hakulia. Boay akamzika nyuma ya nyumba, na mimi nikaambiwa nilale.

Sikilizeni jinsi watu walivyosema. Walisema, "Paskalina ameharibikiwa." Wengine walisema, "Anaumwa." Mmoja wa wenzangu wa timu, msichana mzuri asiye na ubaya, alinipa pole kutoka barabarani kisha akaongeza, "Basi angalau Arusha utakuwepo." Na mimi, mwanangu, nilimwitikia kwa kichwa. Nilishika neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa neno pekee lililonipa kazi ya kufanya.

Lakini kulikuwa na jambo la mila. Wazee wetu waliita metimani, yaani kutengwa. Mwanamke aliyepoteza mtoto alikaa kando na watu kwa muda. Hachoti kwenye chemchemi ya wote, haogi mahali ng'ombe wa wengine wanapokunywa, na mtu wa nje havuki mlango wake, asije naye akaubeba msiba. Wengi wetu tulikuwa tumeshabatizwa, na katekista alikuwa amesema mambo hayo yamepita. Lakini ukoo wa mume wangu ulikuwa katikati. Jumapili walikuwa wa kanisani, na kwenye habari za maji walikuwa wa wazee. Mama mkwe akanipa ndoo yangu peke yangu, chakula akakiacha mlangoni, akageuka akaenda. Hakuwa mkali. Alikuwa anafanya alivyofanyiwa.

Nikakaa mwezi na kitu. Nasema nilikaa, lakini nilikuwa natembea ndani ya nyumba kama kuku aliyefungiwa. Muuguzi wa zahanati aliponiambia mwili umepona na naweza kuingia majini, sikungoja amalize. Asubuhi iliyofuata ndiyo ile niliyowaambia, nilipokwenda ziwani na Safari akawageuza ng'ombe.

Wenzangu walikuwa majini, wameona yote. Mwalimu Mwanaidi akaniita, "Ingia, Paskalina, maji ni ya Mungu." Veronika, nahodha wetu, ndiye aliyekuja mpaka ukingoni. Alizungumza chini chini. "Ukiingia leo, kesho wenye ng'ombe watatukataza wote. Klabu imekwisha." Alisema kweli. Bonde zima lilikuwa likinywesha pale. Niligeuka nikarudi nyumbani, nina hasira na ng'ombe, na Safari, na Veronika, na Mungu mwenyewe nadhani.

Njiani nikapata akili, au nilidhani ni akili. Bwawa la Arusha halinywewi na ng'ombe wa mtu. Nitakwenda moja kwa moja Arusha, nicheze, nirudi, waseme watakavyosema. Nikafunga begi. Zilikuwa zimebaki siku chache tu, na nilishaanza kuulizia lori la mahindi linalotoka Mbulu mjini.

Hapo ndipo alipokuja Bibi Matle. Huyu alikuwa bibi yake Boay, mama mzaa baba, kikongwe mwenye fimbo na ulimi. Nilimwona anavuka uwanja, nikamkimbilia mlangoni nimzuie.

"Shikamoo, bibi. Usiingie, bibi, bado nimetengwa."

"Marahaba," akasema, akanisukuma kwa fimbo, akaingia, akavuta kigoda akakaa. "Haya. Nimeingia. Sasa na mimi nimetengwa."

Nikashika mdomo. Jumamosi ile mjukuu wake alikuwa anaolewa kule Tumati, na yeye ndiye aliyekuwa apige magoti na kumbariki bibi harusi mbele ya watu. Mjukuu huyo alimlea mwenyewe. Aliyekaa na mtu wa metimani haendi harusini.

"Bibi, na harusi?"

"Wataoana tu. Toka lini ndoa ikahitaji magoti yangu?" Alisema hivyo, lakini alitazama pembeni, nami nikajua imemuuma. Kisha akaliona begi. "Unakwenda wapi?"

"Arusha. Kucheza mpira."

"Mbio hizo zote ni za mpira?"

Nikaanza kumweleza habari za mkoa mpya, na mechi, na mkono wangu, na jinsi timu inavyonihitaji. Aliniacha nikasema mpaka nikaishiwa. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo nina mvi:

"Paskalina, yule mtoto alikaa kwako miezi yote ile. Wewe unashindwa kumkalia kidogo?"

Nikainama kulikaza begi lililokuwa limeshafungwa.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mwanangu, hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Si muuguzi, si mama mkwe, hata Boay hakuwahi kulitaja, maskini, alikuwa anaogopa. Nikasema, "Wa kike." Na sauti iliyotoka sikuijua kuwa ni yangu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Nililia mpaka Boay akaja mbio kutoka shambani, akasimama mlangoni na jembe mkononi, naye akalia. Bibi Matle alikaa tu kwenye kigoda. Hakusema nyamaza.

Tukabaki wawili, mimi na bibi, ndani ya nyumba ile mchana kutwa, siku baada ya siku. Msidhani nilibadilika ghafla. Nilifagia sakafu iliyofagiliwa. Nilimenya vitunguu saumu ambavyo havikuwa na mnunuzi. Nikiinuka tu bibi ananitania, "Hata kuku ana kazi nyingi, lakini siku za mayai anakaa." Jumamosi, tuliposikia kwa mbali vigelegele vya watu wanaokwenda Tumati, aligeuza kigoda akatazama upande wa vigelegele. Nikamuuliza kwa nini amejifungia kwa ajili yangu.

"Mimi nilitengwa hivi hivi nikiwa binti kama wewe," akasema. "Hakuna aliyevuka mlango. Kukaa si kubaya. Kukaa peke yako ndiko kubaya."

Siku hiyo hiyo wenzangu walikuwa Arusha. Nilikuwa naona kila kitu kichwani: mpira unapigwa, mtu anakosea, mkono wangu unawasha. Nilijua mwalimu amemchukua Restituta awe wa akiba, msichana mwepesi, nikasema moyoni, nafasi yangu imekwisha kwenda. Hilo nalo lilinila.

Veronika akaja jioni ya siku iliyofuata. Hakuvuka, alisimama nje ya ua wa minyaa, akaniita kwa sauti.

"Mmeshinda?" nikamuuliza kutoka mlangoni.

"Tumefungwa."

"Restituta hakuweza?"

"Hakucheza. Tulicheza sita."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza walipatwa na wazimu gani, kwenda mbali kote kule na jina la mkoa, wana mtu wa akiba amekaa ukingoni, halafu wacheze pungufu. Veronika alisema mwalimu naye aliuliza hivyo hivyo, na alinuna njia nzima ya kurudi.

"Tulikubaliana kwenye lori," akasema. "Restituta mwenyewe ndiye aliyeanza kukataa. Na mwamuzi alipouliza wa saba wenu yuko wapi, nilimwambia amefiwa."

"Ulimwambia nimefiwa?"

"Umefiwa na mtoto, Paskalina. Tungesemaje?"

Nilikaa chini pale pale kizingitini. Nilikuwa nimesikia ameharibikiwa, nimesikia anaumwa, nimesikia bora yeye mzima. Ilibidi neno lenyewe lisemwe Arusha, mbele ya watu wasionijua, kando ya bwawa la vigae, na mwanamke mwenye kaptula inayochuruzika maji. Bibi Matle alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Sasa hao ni watu," akaomba maziwa.

Muda wangu ulipotimia nilirudi majini, na nafasi yangu ilikuwepo. Tulirudi Arusha mwaka uliofuata, tukawafunga, na makombe mnayoyaona kwenye kabati la shule yalianzia hapo. Vikundi vingi vilizaliwa pamoja na sisi katika miaka ile ya pupa, vya wanawake, vya vijana, vyenye mihuri na mabango. Vingi vimekufa, na vilikuwa na watu hodari kuliko sisi. Sisi tulidumu kwa sababu kila mmoja alijua akianguka atangojwa. Mwalimu Mwanaidi, aliyenuna, ndiye aliyekuja kuifanya kuwa sheria: anayefiwa haulizwi atarudi lini.

Basi nasaha yangu ni hii, na nisiizungushe. Wanasema mwacha mila ni mtumwa. Mimi nasema mshika mila asiyeuliza inamfanyia mtu nini ni mtumwa vilevile. Wako waliotengwa wakasahauliwa, wakalaumiwa kwa mtoto waliyemlilia, hiyo msiirudishe. Lakini na haraka hii yenu, mwanangu, ya mtu kuzika Jumanne na Alhamisi simu yake inalia aulizwe mbona haonekani, hiyo nayo ni ukatili, ila imevaa viatu vizuri. Ukifiwa, kaa. Usimwache mtu akukimbize, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe. Msiba uuite kwa jina lake, hata ukiwa mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja. Na mwenzako akifiwa, usisimame barabarani ukampigia pole ya mbali kama unayeogopa matope. Ingia ndani, ukose na wewe kitu.

Mungu awape mapafu marefu na mikono myepesi. Awape mabinti watakaolia siku wanapozaliwa. Na siku ya huzuni, ambayo haina budi kuja, awaletee kikongwe mmoja mkaidi asiyejua kubisha hodi.